Kompyuta ya zamani inayoruka saa moja kila Machi

Swali kutoka kwa msomaji wa Kigoma:

"Shikamoo fundi. Nafanya kazi kwa wakala wa mizigo hapa Kigoma, karibu na bandari. Tuna kompyuta mbili za zamani zenye Windows XP. Ya mezani ililetwa na marafiki wa bosi kutoka Ujerumani, na mpakato tulinunua mtumba Dar. Programu yetu ya risiti na orodha za mizigo haikubali kwenye kompyuta mpya, ndiyo maana bado tunazo. Kila mwaka mwishoni mwa Machi zote mbili zinakwenda mbele saa moja zenyewe, na mwishoni mwa Oktoba zinarudi nyuma. Tunazirekebisha kwa mkono. Januari tuliziunganisha na intaneti: ya mezani ikarudi nyuma saa mbili, mpakato haikubadilika. Sasa mhasibu amekuta risiti za Jumatatu moja ya mwisho wa Machi zimevurugika, risiti ya baadaye ina saa ya mapema kuliko iliyotangulia, na anatuuliza kama kuna mtu anachezea vitabu. Fundi mmoja anasema ni betri, mwingine anasema tununue mpya. Tufanyeje?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mhasibu, maana hilo ndilo zito. Hakuna aliyechezea vitabu. Kilichotokea Jumatatu ile kinaelezeka hatua kwa hatua, na nitakupa maelezo ambayo unaweza kumpelekea. Kuhusu fedha: msinunue kompyuta mpya kwa sababu ya saa. Hizo mlizo nazo ni nzima kwa upande huu. Zinatii sheria ya saa ya nchi nyingine, kwa kuwa hakuna aliyeziambia kwamba sasa ziko Tanzania.

Ulaya husogeza saa mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi hupelekwa mbele saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa. Kipindi cha katikati ndicho huitwa saa za majira ya joto. Ujerumani na mshirika wake Austria-Hungaria ndizo zilizoanza kuzitumia nchi nzima, tarehe 30 Aprili 1916, katikati ya vita, ili watu watumie mwanga wa jioni na kuokoa nishati ya taa. Uingereza ikafuata wiki chache baadaye. Kwao jambo hili lina mantiki: Berlin mwezi Juni mchana unazidi saa 16, na Desemba haufiki saa 8. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni kama nusu saa tu. Hatuna mwanga wa kuokoa. Tanzania haisogezi saa. Mwaka mzima tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ambayo mafundi huiita UTC.

Ndani ya Windows XP kuna orodha ya kanda za saa za dunia, na kila kanda imeandikiwa kanuni yake: iko mbele au nyuma ya UTC kwa kiasi gani, na kama inasogeza saa, ni lini. Siku ikifika, kompyuta inasogeza bila kumuuliza mtu. Ikiwa ilizimwa usiku huo, inafanya hivyo inapowashwa na kutoa kijidirisha cha kukujulisha kwamba saa imebadilishwa. Wengi hukibofya na kukifunga bila kukisoma, hasa kikiwa kwa Kijerumani.

Sasa lipo jambo moja ambalo nataka ulishike vizuri, kwa sababu karibu kila fundi wa mtaani hulipita. Kwenye kompyuta, saa na kanda ya saa ni vitu viwili tofauti. Saa ni ile inayoonekana pembeni ya skrini. Kanda ni kauli inayosema "mimi niko Berlin" au "mimi niko Nairobi". Mkibadilisha saa kwa mkono bila kugusa kanda, mnakuwa kama karani wa bandari ambaye mizani yake imezidi kilo mbili, naye badala ya kuirudisha kwenye sifuri anapunguza kilo mbili kwa kalamu kwenye kila gunia. Namba zinatoka sawa mpaka siku atakaposahau.

Tuchukue mfano wa Januari. Ni saa nne asubuhi Kigoma, yaani 10:00. UTC ya kweli ni 07:00. Kompyuta yenu ya mezani inaonyesha 10:00 kwa sababu mliiweka hivyo, lakini kanda yake ni ya Ujerumani, ambayo wakati huo iko saa moja tu mbele ya UTC. Kwa hiyo ndani yake inaamini kwamba UTC ni 09:00. Iko saa mbili mbele ya dunia na haijui. Mkaiunganisha na intaneti. Seva za saa, yaani kompyuta za mtandaoni zinazogawa saa, hazitumi saa ya Kigoma wala ya Berlin. Zinatuma UTC peke yake. Kompyuta ikapokea 07:00, ikaongeza saa moja ya Ujerumani, ikaonyesha 08:00. Hiyo ndiyo "imerudi nyuma saa mbili" uliyoniandikia. Haikukosea chochote. Iliwapa saa sahihi kabisa ya Berlin.

Nakushukuru sana kwa kuandika kilichotokea Januari, maana bila hilo ningedhani kompyuta zote mbili zina ugonjwa mmoja. Mpakato ilipounganishwa haikubadilika, maana yake mwezi Januari kanda yake kweli iko saa tatu mbele ya UTC, kama sisi. Lakini Machi inaruka. Katika orodha ya XP, kanda za saa tatu mbele ziko nne, kwa mpangilio huu: Baghdad, kisha Kuwait na Riyadh, kisha Moscow, na mwisho Nairobi, kabla ya kufika Tehran. Mtu akitafuta "+03:00" akachagua ya kwanza anayoiona au ya katikati, saa inatoka sawa siku hiyo na anaondoka ameridhika. Moscow kwenye XP ambayo haijasasishwa ina kanuni ya kusogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, tarehe zile zile za Ujerumani. Baghdad nayo ilikuwa na majira ya joto katika orodha ya zamani, ila tarehe zake hazifanani na za Ulaya. Nina hakika ya kutosha kwamba mpakato yenu imewekwa Moscow. Urusi yenyewe iliacha kusogeza saa mwaka 2011, kisha Oktoba 2014 ikarudi saa tatu mbele ya UTC moja kwa moja, lakini mpakato isiyopata masasisho haikupewa habari hizo. Inafuata sheria ambayo Warusi wenyewe wameshaiacha.

Jinsi ya kutibu. Fanyeni jioni, baada ya kufunga hesabu za siku, kamwe si asubuhi katikati ya wateja. Funga programu ya risiti kwenye kompyuta zote mbili, kisha nakili folda yake yote kwenye flashi na uiweke pembeni. Ingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya msimamizi, kwa sababu akaunti ya kawaida ya XP hairuhusiwi kugusa saa. Bofya mara mbili ile saa ya pembe ya chini kulia. Litafunguka dirisha lenye vichupo vitatu: cha kwanza kina kalenda na saa ya mishale, cha pili kina ramani ya dunia, cha tatu ni cha intaneti. Hata kama maandishi ni ya Kijerumani, ramani haitakupotosha. Nenda kwenye ramani, soma kwanza kilichoandikwa juu yake na ukiandike kwenye daftari, maana hicho ndicho ushahidi wako kwa mhasibu. Kisha fungua orodha, shuka mpaka kwenye mstari wa GMT+03:00 (GMT humo ni sawa na UTC) unaoitaja Nairobi, uchague na uthibitishe. Usitafute Dar es Salaam, haimo. Microsoft wameupa ukanda wetu wote wa Afrika Mashariki jina la Nairobi, na saa ya Nairobi ni yetu mwaka mzima.

Ukiwa hapo, tazama kile kisanduku kidogo cha tiki chini ya ramani, kile kinachoiruhusu kompyuta kujisogezea saa kwa ajili ya majira ya joto. Ukichagua Nairobi kinatoweka, kwa kuwa kanda hiyo haina majira ya joto. Kutoweka kwake ni dalili njema.

Baada ya kuthibitisha kanda, usishangae saa ikihama. Kama unafanya kazi hii katika miezi ya Aprili hadi Oktoba, ya mezani itaruka mbele saa moja na mpakato itarudi nyuma saa moja, kwa sababu kila moja ilikuwa imebeba kosa lake na sasa linajitokeza. Ndipo urudi kwenye kichupo cha kwanza na kuweka saa sahihi ya Kigoma. Mpangilio huu ni muhimu: kanda kwanza, saa baadaye. Ukianza na saa, utairekebisha mara mbili na huenda ukaiacha na kosa. Mwisho zima, washa, na uangalie kama saa imebaki pale ulipoiweka.

Najua fundi mwingine atakuambia, "Ondoa tu ile tiki, yaishe." Saa itaacha kuruka, hilo ni kweli, lakini kompyuta itabaki ikiamini iko Berlin. Siku mtakayoiunganisha na intaneti itarudi tena saa mbili nyuma, na barua pepe mtakayoituma kutoka hapo itafika kwa mwenye mzigo ikionyesha saa ambayo bado haijafika. Njia ya tiki naikubali tu kwa mashine ambayo orodha yake ya kanda imeharibika na haina Nairobi.

Kuhakikisha kwamba imepona si lazima msubiri Machi, wala si lazima muiunganishe na intaneti. Microsoft waliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na mimi sipendi kompyuta yenye hesabu za watu ikae mtandaoni bila ulinzi. Fanyeni hivi, programu ya risiti ikiwa imefungwa: wekeni tarehe 29 Machi 2026, ambayo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, na saa 01:58, yaani saa nane kasoro dakika mbili usiku. Kaa uitazame. Ikipita 02:00 ikaenda 02:01, imepona. Ikiruka kutoka 01:59 kwenda 03:00, bado iko kwenye kanda ya Ulaya au Urusi. Kisha rudisha tarehe na saa ya leo kabla hujafungua programu ya risiti. Hilo la mwisho usilisahau hata kidogo. Risiti moja ikitoka na tarehe ya majaribio itakuletea maswali kuliko hizi za Machi.

Sasa tuje kwenye risiti zenyewe. Usiku wa Jumapili ile ya Machi kompyuta ilikwenda mbele saa moja. Jumatatu mmefungua ofisi saa mbili asubuhi, yaani 08:00, kompyuta ikiwa inaandika 09:00. Mmetoa risiti. Tuseme saa nne mtu akagundua, akarudisha kutoka 11:00 hadi 10:00. Risiti zilizotoka kati ya saa tatu na saa nne tayari zilikuwa zimegongwa saa za kati ya 10:00 na 11:00, na zilizofuata baada ya marekebisho nazo zikagongwa saa hizo hizo. Ukipanga kwa saa, makundi mawili yanaingiliana kama meno ya vitana viwili vilivyoshikana. Ukipanga kwa namba ya risiti, kila kitu kinakaa mahali pake. Ndiyo sababu nasema hakuna mkono wa mtu hapa: mtu anayechezea vitabu huvuruga namba, na namba zenu bila shaka zinafuatana.

Mwambie mhasibu akaangalie na Oktoba pia. Huko hatakuta mwingiliano, atakuta pengo. Kompyuta ilirudi nyuma saa moja usiku wa Jumapili, asubuhi mkaanza kazi ikiwa nyuma, kisha mtu akaipeleka mbele. Kutakuwa na saa nzima ambayo hakuna risiti hata moja, hata kama ofisi ilikuwa imejaa watu. Mwingiliano Machi na pengo Oktoba, kila mwaka, siku ya kwanza ya kazi baada ya Jumapili ya mwisho: huo ni mchoro ambao kanuni ya majira ya joto peke yake ndiyo huuchora. Jumapili zenyewe za Machi ni tarehe 26 mwaka 2023, 31 mwaka 2024, 30 mwaka 2025 na 29 mwaka 2026. Za Oktoba ni 29 mwaka 2023, 27 mwaka 2024 na 26 mwaka 2025. Kwa mwaka 2024 asitafute Jumatatu, maana Jumapili ile ilikuwa Pasaka na Jumatatu yake ni sikukuu. Atazame Jumanne tarehe 2 Aprili. Mwaka 2025 siku hizo za mwisho wa Machi ziliangukia Idi el-Fitri, kwa hiyo atazame siku mliyofungua ofisi baada ya sikukuu.

Msiguse saa za risiti za zamani. Najua kishawishi ni kikubwa, na programu zingine zinaruhusu, lakini kumbukumbu iliyobadilishwa baadaye ndiyo inayotia shaka kweli. Chukueni karatasi moja, mwandike tarehe hizo, mlichokisoma juu ya ile ramani kabla ya kubadilisha, siku mliyobadilisha na aliyebadilisha, bosi atie sahihi, na iwekwe kwenye faili la hesabu. Mkaguzi akija ataisoma kwa dakika mbili na kuendelea na kazi.

Kuna jambo mtakaloliona mkishabadilisha kanda, nalisema mapema ili lisiwatishe. Mafaili yaliyoko kwenye diski ya kompyuta ya mezani yataonekana yamebadilika saa. Diski za XP zilizoandaliwa kwa mfumo wa NTFS hutunza saa ya faili kwa UTC, na UTC ya kompyuta yenu ilikuwa na kosa. Faili la Januari lililohifadhiwa saa nne asubuhi sasa litaonyesha saa sita mchana. La Julai, saa tano. Yaliyoko kwenye flashi za zamani hayatahama, kwa kuwa mfumo wa FAT huandika saa ya ukutani kama ilivyo. Kilichomo ndani ya faili hakiguswi. Ila kama mna programu ya kunakili mafaili kwenye flashi kwa kulinganisha saa, siku ya kwanza inaweza kuona mafaili mengi yametofautiana ikanakili upya karibu yote. Iacheni imalize.

Kuhusu betri, nieleze kidogo maana aliyewashauri hakusema jambo lisilokuwepo, ila halihusiani na dalili zenu. Kwenye bodi kuu kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayoendesha saa wakati umeme umekatika. Ikichoka, saa inachelewa kwa dakika kadhaa, au kompyuta inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma kabisa. Hairuki saa moja kamili usiku wa Jumapili. Hata hivyo kwa mashine za umri huo nawashauri mzibadilishe tu. Ni kitu cha bei ndogo na mtakipata pale mtaa wa Mwanga. Kanda ya saa haipotei mkiitoa betri, kwa sababu imeandikwa kwenye diski. Saa itapotea, kwa hiyo muiweke upya kabla ya kufungua chochote. Na kama tarehe imeanguka miaka nyuma, msitegemee intaneti iirudishe: XP ya kawaida hukataa kujirekebisha kama tofauti inazidi saa 15.

Nyinyi wa Kigoma mna ugumu mwingine ambao sisi wa Tabora hatuna, nao ni ziwa. Burundi, mashariki ya Kongo na Zambia zote ziko saa mbili mbele ya UTC, yaani saa moja nyuma yetu, na nazo hazisogezi saa. Orodha ya mizigo iliyoandikwa Bujumbura au Kalemie 14:00 ni 15:00 kwenu, Januari na Julai sawasawa. Msichanganye tofauti hiyo na ile ya Machi. Nimeshaulizwa kama si rahisi kuiweka kompyuta ya Kigoma kwenye kanda ya upande wa pili ili karatasi zilingane. Hapana. Risiti zenu zinasomwa na mamlaka za Tanzania, kwa hiyo saa iwe ya Tanzania, na kwenye karatasi zinazovuka ziwa mwandike mbele ya saa maneno "saa za Kigoma" au "saa za Bujumbura". Mkiwa vijiji vya kaskazini karibu na mpaka, muwe waangalifu na simu pia: ikinasa mnara wa upande wa pili inaweza kujiweka saa ya huko. Msitumie simu ya namna hiyo kuwekea saa ya kompyuta kabla ya kuilinganisha na redio.

Na kwa kuwa wengi huuliza kwa nini Kigoma jua huchelewa: saa yetu imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu nyuzi 29.6. Jua lenu linafika utosini karibu saa saba mchana badala ya saa sita. Kwa hiyo mwaka mzima tayari mnaishi saa moja hivi mbele ya jua lenu, kitu ambacho Wazungu hukipata kwa miezi saba tu kwa kusogeza mishale. Dar iko mashariki zaidi, ndiyo maana huko kunapambazuka mapema kwa karibu dakika 40.

Bosi wenu anaweza kuwa amesikia kutoka Ujerumani kwamba kompyuta za zamani zinahitaji sasisho la kanda za saa. Kwa kompyuta inayotumika Ulaya au Marekani ni ushauri mzuri. Marekani ilibadilisha tarehe zake kuanzia mwaka 2007: mwanzo ukahama kutoka Jumapili ya kwanza ya Aprili hadi ya pili ya Machi, na mwisho ukatoka Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya kwanza ya Novemba. XP ilipewa sasisho. Windows 2000 ilikuwa imepita muda wa kuhudumiwa kwa kawaida, wenye nazo ikabidi waandike kanuni wenyewe kwa kifaa kidogo kiitwacho tzedit. Misri ilikuwa imeacha kusogeza saa, ikairudisha mwaka 2023. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kutaka zoezi hili lifutwe, na nchi wanachama hazijalitekeleza. Siku watakapolitekeleza, XP iliyobaki kwenye kanda ya Berlin haitapata habari. Kwenye kanda ya Nairobi hakuna kanuni ya kusasisha. Maadamu Tanzania haisogezi saa, kompyuta ya mwaka 2003 itabaki sahihi sawa na ya mwaka huu.

Kwa wasomaji wengine wenye mashine za aina tofauti. Windows 98 inatibiwa kwa njia hii hii. Kama kwenye kompyuta moja kuna Windows mbili na zote ziko kwenye kanda ya Ulaya, kila moja itasogeza saa kwa zamu yake na mtakuta zimeruka saa mbili. Wekeni Nairobi kwenye zote. Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja ikitofautiana saa tatu kamili, kosa si majira ya joto: Windows huandika saa ya ukutani kwenye saa ya bodi, Linux kwa kawaida huandika UTC, iambieni Linux ifuate saa ya ukutani. Kwenye Linux kanda ni Africa/Dar_es_Salaam. DOS haina kanda kabisa na saa yake hairuki, lakini baadhi ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya C husoma kigezo kiitwacho TZ, na kikiwa na sehemu ya tatu baada ya namba zitafuata tarehe za Marekani. Andikeni TZ=EAT-3 na kuishia hapo; EAT ni kifupi cha saa za Afrika Mashariki. Alama ya kutoa si kosa. Humo hesabu huandikwa kinyume, ni saa ngapi za kuongeza ili ufike UTC.

Mdogo wangu, mkimaliza mpakato, niandikie ulichokisoma juu ya ramani yake. Kama ni Moscow, kazi imekwisha. Kama ni Baghdad, tarehe zake za kuruka hazifanani na za Ulaya, na itabidi nikupe orodha nyingine ya siku za kumpelekea mhasibu.